Maji ya Betri

Natamani ningemkatalia jirani yangu asubuhi ile alipotaka kufungua betri ya gari langu la umeme. Aliendesha malori miaka mingi, na hapa Kapseret neno lake kuhusu magari halipingwi.

"Mzee, betri bila maji inakufa," aliniambia. "Tuongeze."

Nilikubali, tena nikamshikia chupa. Alikata sili ya kiwanda iliyofunga betri, akatoa kifuniko, tukatafuta pa kumimina. Hapakuwa na tundu hata moja! Mke wangu alicheka mpaka akaketi kwenye nyasi. "Hayo maji basi mpeni ng'ombe," akasema.

Tulifunga, na gari likaendelea vizuri. Baadaye chaji ikaanza kuisha haraka, nikalipeleka mjini kupimwa. Fundi, binti mchangamfu, alisema betri imechoka mapema, na kwa warantii, ile dhamana ya kiwanda, ningepewa mpya, kama sili ingekuwa nzima.

Zamani nilienda Kitale kila Jumapili kumwona dada yangu na kurudi kwa chaji moja. Sasa gari halifiki. Dada hawezi kusafiri, nami magoti yangu hayawezi kubanana kwenye matatu za abiria. Tunacheka kwa simu, lakini zile Jumapili nilizipoteza mwenyewe.