Meli Iliyokaa Bandarini

Mchezo ule wa vita tuliupata sokoni Mbinga, ndani ya robota la mitumba: ramani, askari wa plastiki, meli ndogondogo, na kijitabu cha sheria kwa Kiingereza. Mimi nilifundisha Kiingereza, kwa hiyo kijitabu kilikaa kwangu. Mwenzangu, mwalimu wa hesabu, alizaliwa ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Mimi, mtoto wa shamba la kahawa, sikuwahi kupanda hata mtumbwi.

Jumapili moja baada ya misa, akapakia askari wake wote melini waje kuuteka mji wangu. Nikajua nimekwisha. Nikafungua kijitabu, nikasoma kisichokuwemo: meli ikishapakia askari haiondoki mpaka zamu inayofuata.

“Meli gani inapakia watu halafu inakaa tu?” akauliza. “Kwetu ikipakia inaondoka.”

“Hapa si kwenu, Mwalimu. Kitabu ndicho kimesema.”

Akaondoa mkono kwenye meli. Zamu yangu ilipofika, nikazizamisha meli zake zote pale pale bandarini.

Alipohamishiwa shule nyingine, aliniomba nimwandikie sheria zile kwa Kiswahili, akawafundishe walimu wenzake huko. Nikaziandika kwa mwandiko wangu mzuri wa ubaoni. Uongo ule nikauweka wa tatu, nikaupigia mstari.