Hoteli Iliyofichwa Jina

Mama yangu alifanya kazi ya dobi katika hoteli moja ya Nakuru kwa miaka ishirini na sita, na katika miaka hiyo yote hakulala hotelini hata usiku mmoja. Alifua shuka, akapiga pasi foronya, akakunja taulo za wageni, kisha jioni akarudi kwetu, tulikolala watatu kitanda kimoja. Alipostaafu, mimi, binti yake, nilikuwa na mwaka wa tatu nikifundisha katika kisiwa cha Pate. Akanipigia simu akasema anataka kuja kuiona hiyo bahari iliyonimeza.

Nikamwambia aje likizo ya Aprili. Kabla hata hatujakata simu nilikuwa nimeshaamua kwamba atalala hotelini, tena si hoteli ya hivi hivi. Nilizitaka zile za Ras Kitau, upande wa kisiwa cha Manda unaotazamana na mji wa Shela. Nilikuwa nimezitazama mara nyingi kutoka ng'ambo, nimeketi mchangani na soda yangu, nikijiuliza ni watu gani wanaolala mle.

Nilipoitafuta bei mtandaoni nilipata jibu. Si walimu. Usiku mmoja ulikuwa zaidi ya elfu ishirini. Niliifunika simu kwa daftari la mwanafunzi kama mtu aliyefumaniwa.

Aliyenifumania kweli ni mwalimu mwenzangu, mwanamke mzaliwa wa Pate tuliyekuwa tukikaa naye meza moja. Alilisukuma daftari kando, akasoma, akacheka.

"Hiyo ni bei ya mtu asiyeuliza," akasema. "Kuna tovuti, wao hawakwambii bei. Wewe ndiwe unayewaambia."

Akanieleza. Unachagua mtaa na idadi ya nyota za hoteli, unataja bei unayoiweza, unaweka namba ya kadi yako ya benki. Hoteli yoyote ya mtaa ule ikikubali, pesa zinakatwa papo hapo, na hapo ndipo unapoambiwa jina lake. Ukishakatwa, umekatwa, hakuna kurudishiwa. Zote zikikataa, huruhusiwi kujaribu tena siku hiyo, ila ukibadilisha kitu: tarehe, au nyota, au uongeze mtaa mwingine.

"Yaani nanunua hoteli nisiyoijua?"

"Hulijui jina. Lakini sisi si wageni wa nti hii, mwalimu. Twaweza kuijua."

Jioni ile akampigia simu kaka yake, ambaye anaendesha boti ya kuvusha watu pale Ras Kitau. Kaka akasema mwezi huu wa mvua hoteli nyingi zimefunga, mafundi wanapaka rangi. Za nyota nne zilizobaki wazi upande ule ni mbili tu, na zote mbili hazina wageni. Moja ina bwawa la kuogelea mbele. Nyingine imejificha nyuma ya mikoko, lakini chakula chake anakisifu kila mtu. Mwenzangu alikata simu akanitazama macho yakimng'aa.

"Sasa umeona? Huwezi kukosea. Ikija hii ni nzuri, ikija ile ni nzuri. Na chumba kitupu hakimlishi mwenyewe."

Sikulala vizuri. Siku iliyofuata ilikuwa ya mwisho ya muhula. Tulimaliza kusahihisha mitihani kabla ya saa sita, tukakaa karibu na dirisha la chumba cha walimu, mahali pekee pale shuleni ambapo mtandao haukatiki ovyo. Nikachagua Manda, nyota nne, kulala siku mbili. Nikaandika elfu tano kwa kila usiku.

"Finya," akasema.

Nikafinya. Kile kiduara kikazunguka, kikazunguka. Kisha maandishi yakaja: samahani, bei yako haikukubaliwa.

Nikaona ndiyo basi mpaka kesho. Mwenzangu wala hakushtuka. "Ongeza mtaa mwingine," akasema.

"Upi?"

"Pate."

Nikamgeukia. Kweli, kwenye orodha ya mitaa ya tovuti ile Pate ilikuwepo.

"Pate kuna hoteli ya nyota nne?" nikamuuliza.

"Pate nyota ni za mbinguni tu," akasema. "Ndiyo maana uiongeze. Wao wataona umebadilisha, watakufungulia mlango. Na hoteli haiwezi kutoka Pate, kwa sababu haipo. Itatoka kule kule."

Nilicheka mpaka nikashika meza. Nikaongeza Pate, nikapandisha mpaka elfu sita. Wakakataa. Tukaongeza Faza, ambako pia hakuna hoteli ya namna hiyo, nikaandika elfu saba. Kiduara kikaanza kuzunguka, na mtandao ukakatika. Nikatoa mkono nje ya dirisha mpaka begani, simu imeelekea baharini, mwenzangu amenishika kiuno nisianguke, anasema "Ya Rabi, ya Rabi," nami nasema "Yesu wangu," tukaendelea hivyo kwa muda ambao sijui ulikuwa dakika ngapi. Simu ikatetemeka mkononi. Nikairudisha ndani.

Hongera, ilisema. Na chini yake jina la hoteli. Ile yenye bwawa.

Tulipiga kelele. Kiti kilianguka. Mwalimu mkuu, bwana mmoja mpole kutoka Machakos, aliingia mbio na fimbo ya ramani mkononi.

"Nyoka yuko wapi?"

Mwenzangu alimwonyesha simu. Alisoma polepole, akavua miwani, akasoma tena, kisha akavuta kiti kilichoanguka, akaketi, akasema, "Nifundisheni."

Mama nilipompigia hakufurahi kama nilivyotarajia.

"Hebu nieleze vizuri," akasema. "Uliweka pesa, hukujua utapata nini, ukafinya, ukashinda. Umecheza kamari?"

"Si kamari, Mama. Ni kupatana bei. Kama sokoni."

"Sokoni namwona muuza viazi."

"Huyu amejificha nyuma ya pazia, lakini viazi anavyo. Nimeuliza watu wanaomjua."

Akafikiri. Mama ni mzee wa kanisa, na mambo kama haya huyapima. "Huyo muuzaji alikubali mwenyewe, bila kulazimishwa?"

"Alikubali mwenyewe."

"Basi nitaleta nguo nzuri," akasema, na hapo nikasikia sauti yake imebadilika.

Nilimpokea Mokowe, gati ya bara ambako mabasi huishia. Alishuka kwenye basi akiwa na sanduku moja na gunia la viazi, akavalishwa jaketi la kuokolea maisha juu ya koti lake la kanisani, akashika ukingo wa boti kwa mikono miwili mpaka kisiwa cha Amu. Kutoka Amu kaka yake mwenzangu akatuchukua kutuvusha hadi Ras Kitau. Hapo Mama aliachia ukingo. Alikuwa ameiona hoteli.

Mapokezini msichana alitazama kompyuta, akatutazama sisi, akaitazama tena kompyuta.

"Karibuni sana," akasema. "Na... bwana harusi anakuja nyuma?"

Ilibidi atueleze. Vyumba vingine vyote vilikuwa na mafundi. Kilichokuwa tayari ni chumba cha fungate peke yake, na hicho ndicho mtandao ulichotupa. Mimi nilitaka kuzama ardhini. Mama alisema, kwa Kiswahili chake cha bara kilichonyooka, "Bwana harusi wangu alikwenda mbele za haki miaka mingi iliyopita. Tupe tu ufunguo, mama."

Chumba kilikuwa kikubwa kuliko nyumba yetu ya Nakuru. Kitanda kilikuwa na nguzo nne na chandarua kilichofungwa kwa utepe, na juu ya shuka nyeupe walikuwa wamechora moyo mkubwa kwa maua mekundu. Nilitaka kupiga picha. Mama tayari alikuwa amepiga magoti, anayaokota mojamoja na kuyaweka kwenye kapu la takataka.

"Mama, acha! Yamewekwa kwa ajili yetu!"

"Haya yanaacha rangi," akasema bila kunigeukia. "Unajua doa la ua jekundu linatoka vipi kwenye pamba nyeupe? Halitoki."

Alipomaliza, alipitisha kiganja juu ya shuka, akafunua kona ya godoro, akaangalia shuka ilivyokunjwa. Kisha akavua viatu, akapanda kitandani taratibu, akalala chali katikati kabisa, mikono pembeni. Mwishowe akasema, "Kumbe ndivyo wanavyohisi," akafumba macho, na mimi nikatoka kwenda kusimama barazani kwa sababu sikutaka anione.

Siku ya pili ilinyesha tangu asubuhi. Tulikuwa wageni peke yetu. Mama aliingia bwawani amevaa gauni kuukuu na leso kiunoni, akashuka ngazi hadi maji yakamfika kifuani, akasimama pale, mvua ikimpiga kichwani. Alikuwa anacheka kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, ya juu, kama ya msichana wa shule. Mhudumu alimletea mwavuli. Akaukataa.

Mchana nilisinzia, nilipoamka hayupo. Nilimtafuta bwawani, nikamtafuta jikoni, nikaanza kuogopa. Nilimkuta nyuma ya hoteli, katika chumba cha dobi, amesimama na mama mmoja wa kijiji cha Matondoni aliyekuwa akipiga pasi foronya. Wanabishana kuhusu wanga wa kukazia nguo.

"Mama, nimekuleta upumzike!"

"Nimepumzika," akasema. "Nimesimama hapa saa nzima nikimtazama mwenzangu akifanya kazi, na sikugusa kitu. Hujui hiyo ni raha gani."

Yule mama wa Matondoni akacheka akasema, "Muache, Bi mdogo. Yeo yeye ni mgeni."

Asubuhi ya kuondoka, Mama alikula mahamri na mbaazi sahani mbili, akajifuta midomo, akauliza, "Hiyo simu yako inaweza kutupatia usiku mwingine?"

Nilimwambia tunaweza kujaribu. Nikafungua tovuti, nikaandika elfu saba, Manda, usiku mmoja. Nikampa afinye mwenyewe. Alifinya kwa kidole gumba, kwa nguvu, kama anabonyeza kengele ya mlango. Wakakataa.

"Wamekataa?" akauliza. "Sisi tupo ndani na wanakataa?"

"Tulia, nitaongeza mtaa. Acha kwanza niende nikachukue chaja chumbani."

Sikuchukua hata dakika tano. Niliporudi, Mama alikuwa ameketi wima, simu ameishika mbele yake kwa mikono miwili, uso wote unang'aa.

"Tumeshinda!" akasema. "Nilikuona jana ukimwonyesha yule msichana wa mapokezi inavyofanywa. Nimeongeza mtaa, nikafinya. Mara moja tu!"

"Umeongeza upi?"

"Huu hapa wa kwanza. Shela."

Nikaichukua simu. Pate haina hoteli ya nyota nne, wala Faza. Shela zimejaa tele. Jina lililoandikwa pale chini ya neno hongera halikuwa la hoteli tuliyokuwa tumeketi ndani yake. Lilikuwa la nyumba ya wageni ng'ambo ya mkondo, na pesa zilikuwa zimeshakatwa.

Nilimweleza. Nilidhani atavunjika moyo. Aliitazama Shela kupitia mvua, zile nyumba nyeupe zilizobanana juu ya mchanga, na nikaona mabega yake yanaanza kutikisika. Tulicheka mpaka mhudumu akaja kuuliza kama tunahitaji maji.

"Yaani nalala hoteli mbili katika wiki moja," akasema Mama. "Mimi!"

Tukafungasha. Mama wa Matondoni alitusindikiza hadi majini, akamkumbatia Mama, wakaahidiana kupigiana simu. Boti ilipokuja, Mama alivua viatu, akakunja gauni, akaingia majini kabla hajashikwa mkono, sanduku kichwani. Mvua ilikuwa imepungua. Katikati ya mkondo akaniinamia sikioni, kwa sababu mashine ya boti ilikuwa na kelele.

"Hii ya sasa ina nyota ngapi?"

"Nne."

"Tutaona," akasema, na akageuka kutazama mbele.