Siku Minza Alipovuka Kamba

Matimba yote ya duara lile aliyachonga Minza, ya juu mpaka ya chini kabisa, na hajawahi kuona hata moja likiwa limesimama kazini. Yaani fikiria fundi cherehani anashona miaka mitatu na hajamwona mtu amevaa nguo yake. Ndo Minza huyo.

Machimbo yako mbele ya Litapunga, unayapita mahindi ya watu mpaka barabara inakuwa nyekundu tupu. Minza alikuwa anatoka Kasokola kwa bodaboda na shoka lake limefungwa kwenye kanga, saa moja kashaanza. Duara ndo shimo la dhahabu lenyewe. Matimba ni miti inayobana kuta zake zisiwaangukie watu. Kazi hiyo alifundishwa na baba yake, Msukuma aliyehamia Katavi na ng'ombe, ng'ombe wakafa na ugonjwa, mzee akaishia machimboni. Hakuwa na mtoto wa kiume mkubwa, akamfundisha aliyekuwepo. Malale, wa mwisho, alikuwa bado ananyonya.

Sasa, kulizunguka duara kuna kamba nyekundu. Wanaume wanavuka. Mwanamke havuki, maana akivuka wanasema dhahabu inajificha. Na akivuka kweli, kazi inasimama palepale, wote wanatolewa chini, anachinjwa beberu mweupe, duara linapumzika siku tatu. Kwa hiyo kina mama wote wako upande wa huku, wanagonga mawe na kuchekecha, na Minza yuko nao anachonga miti. Wanaume wanakuja kubeba.

Kila mti anauchonga upande mmoja unakuwa bapa. Lile bapa linatakiwa lilale ukutani, lishike. Ukiuweka upande wa mviringo ukutani, mti utakaa, ndiyo, ila utakuwa unateleza kidogo kidogo, na siku ukuta ukinywa maji unachomoka kama jino bovu. Minza kawaambia wabebaji mpaka kachoka. "Bapa ukutani, jamani." "Sawa dada, sawa." Na wanaondoka.

Mwezi uliopita alikuja bwana mmoja wa mradi na helmeti tano mpya na bango limeandikwa Mgodi Jumuishi. Wanawake watano wakavalishwa, wakapigwa picha wamesimama, kamba ikiwa imeteremshwa chini isionekane. Minza akaona nafasi yake ndo hiyo. "Naomba nishuke mara moja tu, nikaangalie miti yangu." Bwana akacheka vizuri. "Hiyo ni awamu ya pili, mama." Gari lake halijafika kwenye kona, msimamizi wa duara, Makarius, kashakusanya helmeti zote.

"Mi nilishaizoea," akasema Dorotea, yule mgonga mawe mwenye mdomo. "Nywele zilishaanza kujiona mkurugenzi."

Basi Jumanne moja, mvua imenyesha siku mbili, Minza anaona wametupa mti mmoja uliovunjika, wa kuchemshia chai. Akauokota. Bapa limejaa tope la mabuti. Mgongo wa mviringo ndo una mikwaruzo ya ukuta.

Wameyageuza matimba. Bapa wameliweka nje ili wapate pa kukanyagia wakishuka, kama ngazi. Na kama huu uko hivi, basi na mingine yote iko hivi, na chini kabisa, asubuhi hii, yuko mdogo wake Malale, ambaye mama yao alipokufa Minza alimbeba mgongoni mpaka mgongo ukapinda.

Akakimbia mpaka kwenye kamba, akasimama.

"Makarius. Watoe watu."

"Dada Minza, umeamkaje?"

"Matimba yako kinyume. Angalia hili bapa. Ukuta umenywa maji, watoe."

Makarius hata hakuupokea mti. "Wamekamata mwamba wa dhahabu tangu jana. Unajua tumeutafuta miezi mingapi?"

"Basi teremka mwenyewe uangalie."

"Nyie kina mama mkipewa helmeti siku moja mnakuwa mainjinia." Wanaume wakacheka.

Minza akapiga magoti kwenye tope. "Kaka yangu, nakuomba. Nusu saa tu. Nikikosea nifukuze."

"Inuka bwana, unatutia aibu. Jioni wakipanda tutaangalia."

Jioni. Na ile mvua ilikuwa inarudi, unaiona kabisa inavyokuja. Minza akageuka kumwangalia Dorotea. Dorotea akajua anachowaza, akatikisa kichwa, taratibu. "Usifanye hivyo mwenzangu. Hutarudi hapa tena. Hakuna duara Katavi nzima litakalokupokea."

Minza alijua. Kazi nyingine hakuwa nayo. Akavua ndala, akavuka kamba.

Yakaanza matusi, sitayaandika. Makarius kashika kichwa, anapiga kengele, kamba ya kushukia inavutwa, wanaume wanatoka mmoja mmoja wamejaa udongo. Kumi na moja. Wa mwisho Malale, macho mekundu.

"Dada umefanya nini? Nilikuwa nimeushika mwamba. Kwa mkono huu."

Wanaume wakamsukuma Minza mpaka barabarani, shoka lake wakalitupia nyuma yake.

Saa nane mchana mvua ikashuka. Saa tisa duara likaporomoka lote, na kishindo wakakisikia mpaka kwenye mashamba. Ndani hamkuwa na mtu.

Na unajua wakasemaje? Wakasema mnaona sasa, mwanamke kavuka. Wote walisema hivyo, hata kina mama. Dorotea peke yake hakusema hivyo, ila hata kumtetea hakumtetea, maana naye ana watoto.

Wiki mbili Minza kazunguka kutafuta kazi, machimbo manne, kila anapofika jina limemtangulia. Ile picha ya helmeti bado imebandikwa ofisini kwa mradi, Mpanda mjini, anacheka meno yote. Nyumbani Malale alikuwa hamsemeshi. Siku ya kumi na tano akasema, anaangalia chini, "Jumatatu nashuka duara lingine. Kule kwa Stanslaus."

Minza hakumkataza. Wangekula nini? Akaleta mti mmoja mpya uani, akamwambia, "Hebu usimamishe kwenye ukuta wa nyumba. Kama mnavyofanya kule chini."

Malale akauweka. Bapa likawa nje.

"Rudia," Minza akasema.

Malale akauangalia mti, akamwangalia dada yake. "Yote tuliyaweka hivi," akasema. Akauzungusha polepole, bapa likalala ukutani.

"Rudia tena," Minza akasema. "Mpaka Jumatatu."