Kwa Nini Tauno Aliikimbia Sauna

Shemeji yangu Tauno Lehtola hakufa kwa ugonjwa wa aibu. Alikufa Februari hii kwa moyo, akiwa na miaka sabini na tisa, koleo la theluji mkononi, na cheti cha daktari kipo. Nasema hivi kwa sababu kwenye kahawa ya mazishi yake, katika ukumbi wa kanisa, Sylvi Kangas alisikika akisema, "Ule ugonjwa uliomtoa sauna zamani ndio uliommaliza." Nilifundisha shule ya hapa miaka thelathini na moja. Hata Sylvi nilimfundisha kusoma. Basi na asome.

Ni kweli Tauno aliacha kuja sauna. Ilikuwa vuli ya mwaka 1993. Kila Jumamosi mume wangu, Reino, aliwasha jiko la sauna yetu, kibanda cha magogo cha kuogea mvuke, kando ya ziwa. Wanaume waliingia kwanza, uchi kama walivyozaliwa, kisha sisi wanawake. Tauno, mdogo wake Reino, dereva wa lori la magogo, kapera na mcheshi, hakuwahi kukosa tangu utoto. Mara Jumamosi tatu zikapita bila yeye. Kwetu Wafini, mtu asiyekuja sauna ama amegombana na ndugu zake, ama ana kitu mwilini.

"Nimemkosea nini?" Reino aliniuliza.

Jumamosi ya nne alikuja mchana, Reino akiwa mjini kununua misumari. Alikuja na mbwa wake, Halli, na gunia la chakula cha mbwa.

"Shemeji, mchukue huyu. Mimi sina siku nyingi."

"Unahama?"

"Nakufa."

"Utakufa ukishamaliza kahawa. Keti. Nini kinakuuma?"

"Hakiumi. Kinawasha." Alimtazama mbwa, si mimi. "Huku chini. Na nimetokwa na madoa ya bluu tumboni na mapajani, kama wino. Damu imeoza, shemeji."

"Umejitibu na nini?"

"Na vyote! Nimepaka pombe kali, nikapiga mayowe mpaka huyu akajificha chini ya lori. Nikapaka lami ya msonobari. Nikawasha sauna yangu, nikakaa peke yangu mpaka nikaanguka mlangoni." Akamkuna Halli shingoni. "Unajua wazee walivyosema."

Najua. Kila mtoto wa Kifini hapa anajua: pombe, lami na sauna vikishindwa, ugonjwa huo ni wa kufa. Mtu mzima wa miaka hamsini alikuwa ameiamini methali kama majibu ya maabara.

Lakini mimi nilikagua vichwa vya watoto wa shule kila Septemba. Nikamuuliza kama chupi zake zilikuwa na vidoa kama vya kutu.

"Umejuaje?"

Nikampa kipande cha selotepu. "Nenda msalani. Bandika panapowasha, bandua, uniletee."

"Shemeji, wewe huna haya!"

"Haya ninayo. Nenda."

Alichoniletea nilikiweka chini ya lenzi yangu ya darasani. Chawa wa kichwani ni mrefu, mwembamba. Huyu alikuwa mfupi, mpana, mwenye makucha kama kaa, na mguu mmoja bado ulikuwa unachezacheza.

"Haya, kitazame kifo chako."

Akainamia lenzi. "Mdudu?"

"Chawa wa sehemu za siri. Madoa yako ni mahali alipouma. Yatafutika yenyewe."

Alicheka hadi Halli akabweka, kisha akalia, kisha akaomba kahawa nyingine. Mbwa alirudi naye siku hiyohiyo, na gunia lake.

Jumatatu nilimpeleka kwa muuguzi wa zahanati, Irja Salo. Alithibitisha, akachukua na damu, maana chawa hao kwa kawaida hupatikana kwa kulala na mtu, na huweza kuja na maradhi mengine. Majibu yalirudi safi. Maelekezo niliyaandika mimi.

"Dawa ni ya permethrini, duka la dawa wanayo," Irja alisema. "Paka nywele zote za kinena, za mapaja na za matako. Ngoja dakika kumi, suuza. Mayai yatoe kwa kitana chenye meno membamba. Nguo, mashuka na taulo, fua kwa maji ya moto na ukaushe kwa mashine yenye joto. Siku ya tisa au ya kumi jikague. Ukimwona hata mmoja, rudia. Uliyelala naye mwezi huu umwambie, naye atibiwe, na msikaribiane mpaka mpone wote. Na lami, Tauno, ni ya mitumbwi."

Siku ya kumi hakuonekana hata mmoja. Jumamosi iliyofuata alitokea na taulo begani.

"Marehemu huyo!" jirani yetu Eero alipiga kelele kutoka ndani ya mvuke. "Tulishagawana shoka zako!"

"Zirudisheni, wezi wakubwa!"

Nilikuwa nje nikipanga kuni. Nilimsikia Reino akicheka nyuma ya ukuta wa magogo, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu mdogo wake apotee.

Sasa wapo wanaouliza chawa wale walitoka kwa nani. Mtu huyo aliambiwa, akatibiwa, akapona. Jina ninalijua. Silisemi, wala msinipigie simu.