Kifungu cha Nne na Sauti ya Minko

Kila kifurushi kinachotolewa na mradi huu kimejengwa kutoka chanzo chake. Chanzo hicho kinasomeka na binadamu. Mtu yeyote, popote alipo, mwenye kompyuta na subira, aweza kukijenga upya pasipo kuomba ruhusa kwa mtu na pasipo kuunganishwa na intaneti.

Hicho ni Kifungu cha Nne cha katiba ya mradi wetu wa programu huria. Kilipitishwa kwa kura arobaini na moja dhidi ya mbili, na wale wawili walieleza baadaye kwamba walibonyeza pasipostahili. Kazi yenyewe si ngumu kueleza. Mtu huandika programu kwa maneno yanayosomeka. Mwingine huyachukua maneno hayo, akayapika kwa kompyuta mpaka yawe kitu kinachofanya kazi, akakifunga, akakitoa bure kwa anayekitaka. Sisi ndio hao wapishi. Hatulipwi, na kwa hiyo tuna sheria nyingi.

Kwa miaka kumi na mmoja mlinzi wa Kifungu cha Nne alikuwa Zdravka Kutsarova wa Gabrovo. Alifundisha uchoraji wa mitambo katika shule ya ufundi hadi wanafunzi walipokwisha, kisha akauhamishia ukali wake kwetu. Ukimpelekea kifurushi chenye faili hata moja lililopikwa tayari, lisilosomeka, alikurudishia siku hiyo hiyo na neno moja: "Kinanuka." Hakuwa akitania. Nimekaa naye jikoni kwake, ghorofa ya tatu, nikamwona akifungua programu ya mtu; pua ilikunjamana kabla macho hayajafika mstari wa pili. Kikokotoo kimoja kilihitaji maktaba mia tatu na arobaini, yaani vipande mia tatu na arobaini vya kazi za watu wengine, ili kijumlishe mbili na mbili. Moja ya maktaba hizo ilikuwa na mistari sita, na kazi yake duniani ilikuwa kuongeza nafasi tupu kushoto mwa neno.

"Mtu mzima," alisema Zdravka, "ameshindwa kuacha nafasi mwenyewe, ameajiri tarishi."

Nje ya kompyuta mambo yalikuwa hayo hayo. Jirani wa ghorofa ya pili, Bi Ginka, aliwahi kumletea chupa ya lyutenitsa, ule mchuzi mzito wa pilipili hoho na nyanya ambao kwetu kila nyumba hupika wake majira ya vuli, akiapa kwamba ni wa mkono wake. Zdravka alionja nusu kijiko.

"Ginka, nyanya hizi zimetoka kwenye kopo."

"Naapa kwa mama yangu!"

"Basi mama yako naye alitoka kwenye kopo."

Hawakusalimiana mpaka Pasaka.

Aliishi na mdogo wake, Minko, fundi wa kukereza vyuma ambaye kisukari kilimla macho yote mawili. Minko alisomewa dunia na programu iitwayo Glas, maana yake Sauti. Ilimsomea barua, magazeti, na hatua za sataranji alizotumiwa na mstaafu mmoja wa Varna ambaye hawajawahi kukutana. Zilikuwepo programu nyingine za namna hiyo. Zilisoma Kibulgaria kama mtalii aliyepotea.

Mwishoni mwa Agosti mtunzaji wa Glas ndani ya mradi alijiuzulu kwa barua ya mistari miwili, mmoja ukiwa wa salamu. Toleo jipya la mfumo wetu lilikuwa linafungwa tarehe mosi Oktoba. Kifurushi kitakachokuwa hakijengeki kutoka chanzo siku hiyo kingetupwa nje, na Glas ya zamani haikuweza kufanya kazi juu ya mfumo mpya. Kwa lugha ya jikoni: Oktoba ikifika, Minko angebaki na ukimya.

Zdravka akaichukua Glas mwenyewe. Septemba hiyo nilikuwa kwake, nyumba yangu ya Plovdiv ikipakwa rangi, nami nilikuwa nimepewa kazi inayolingana na sifa zangu: kumenya pilipili.

Aliketi asubuhi, akaiamuru kompyuta iijenge Glas. Kompyuta ikasema inahitaji maktaba moja. Akaileta. Maktaba hiyo ikataka nne. Zile nne zikataka kumi na tisa. Ni kama kumwalika mtu mmoja chakula, akaja na mashemeji, nao mashemeji wamefuatana na wapangaji wao. Kufikia mchana walikuwa mia mbili na kumi na wawili mezani, na hakuna aliyejua nani kamwalika nani. Mmoja kazi yake ilikuwa kupaka rangi nyekundu maandishi ya makosa. Mwingine alijua saa za Greenland.

Kisha wakapatikana wawili wanaosubiriana. Chombo cha kuandaa kitabu cha maelekezo hakikujengeka bila chombo cha majaribio, na chombo cha majaribio hakikujengeka mpaka kitabu chake cha maelekezo kiandaliwe. Kila mmoja alidai kuzaliwa na mwenziwe.

"Uchafu huu," alisema Zdravka, "hata kwenye familia za wafalme ulipigwa marufuku."

Akamjenga wa pili bila kitabu chake, akamtumia huyo kumjenga wa kwanza, akarudi kumjenga wa pili upya, na kitabu chake safari hii. Ndiyo njia inayokubalika. Haipendezi kuitazama.

Wa tatu alikuwa mbaya zaidi: katikati ya kujengwa alitoka kimyakimya kwenda intaneti kuleta kitu kilichopikwa tayari. Zdravka akampigia simu mwandishi wa sasa wa Glas, aliyeirithi kwa wengine, Veiko wa Tallinn.

"Lakini kwangu inajengeka vizuri, Bi Zdravka."

"Kwako inajengeka kwa sababu kompyuta yako imejaa makombo ya miaka sita. Umewahi kuijenga kwenye mashine tupu?"

"Nani ana mashine tupu siku hizi?"

Zdravka alifunika simu kwa kiganja, akanigeukia. "Unamsikia? Hajawahi kuosha sufuria, anajisifu supu yake ina ladha."

"Nimesikia, Bi Zdravka," alisema Veiko.

"Nilitaka usikie."

Aliwapunguza wageni hao wa mezani kwa wiki tatu. Aliyekuwa na mistari sita, alimwandika upya kwa mmoja. Wa Greenland alifukuzwa bila kuagwa. Kila aliyeondoka aliondoka na watu wake, na tarehe ishirini na nne Septemba zilibaki maktaba kumi na moja, zote zinazosomeka, na Glas ikajengeka kwenye mashine tupu, waya wa intaneti umechomolewa na kuwekwa juu ya friji ili asiwepo wa kumsingizia.

Mtu mwingine angefungua chupa ya rakia, pombe yetu kali ya matunda. Zdravka alifanya anachowafanyia wengine: akafungua kila faili lililomo, moja baada ya jingine. La mwisho liliitwa glas1.dat. Halikusomeka. Namba tupu, kurasa na kurasa. Lilikuwa limepikwa tayari, na bila hilo Glas hufungua kinywa isitoe kitu, kwa sababu ndilo sauti yenyewe.

"Ah, hilo?" alisema Veiko kwenye simu. "Nililikuta."

"Ulilikuta wapi?"

"Humo humo."

Ilichukua siku mbili kumpata aliyelitengeneza: mhandisi Tonchev, zamani wa taasisi moja ya Sofia ambayo haipo tena, sasa mfuga nyuki. Mwaka wa tisini na sita alimrekodi mtangazaji mmoja wa kike akisoma silabi elfu mbili, na kompyuta ya taasisi ikazigeuza kuwa faili hilo.

"Na kanda ziko wapi?" aliuliza Zdravka.

"Ilirekodiwa juu yake harusi ya binti wa mkurugenzi."

"Kanda zote?"

"Ilikuwa harusi ya siku mbili."

"Na programu iliyozigeuza silabi?"

"Ilikuwa ndani ya kompyuta."

"Na kompyuta?"

"Chuma chakavu, bibiye. Walipima kwa kilo."

Zdravka alikata simu, akaenda kwenye sinki, akanawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko. Kisha akatoka roshani, alikokuwa Minko akichoma pilipili hoho kwenye tanuri dogo la umeme, moja moja, akijua kwa harufu ipi igeuzwe. Kuta za majengo yetu ni nyembamba.

"Umelipata," alisema Minko.

"Nimelipata."

"Linanuka?"

"Linanuka."

"Basi itupe nje Glas. Mgeni wetu huyu ulimkatalia kwa faili dogo kuliko hilo."

Kweli. Kilikuwa kifurushi changu cha ramani, na nilikuwa sijasahau.

"Sikukuuliza wewe," alisema Zdravka.

"Mkuki kwa nguruwe, dada."

"Minko, pilipili yako inaungua."

"Haiungui. Leo pua yako imepotea njia." Aliigeuza pilipili. "Yule mama wa Glas kila akifika neno 'waziri' hulitamka kama ameona mende kwenye supu. Nimemzoea. Na yule mzee wa Varna, tuko hatua ya thelathini na moja, nami ninashinda. Ni hayo tu."

Akachukua pilipili nyingine. Angeomba, nadhani Zdravka angekataa. Alikuwa na uzoefu wa watu wanaoomba.

Katiba yetu ina pia Kifungu cha Tano, kinachosema kwamba chanzo cha kitu ni umbo lile ambalo mtengenezaji angelitumia kama angetaka kukirekebisha. Niliwahi kujikinga kwa kifungu hicho kuhusu ramani zangu. Zdravka alinijibu kwamba hiyo ni hoja ya mwizi wa kuku aliyesoma sheria. Asubuhi iliyofuata alimpigia tena Tonchev, mbele yangu, bila kunitazama.

"Mhandisi, kama leo ungetaka kubadilisha huyo mama anavyotamka 'waziri', ungefungua nini?"

"Faili lenyewe. Ningebadilisha namba moja moja. Hakuna kingine duniani, bibiye."

"Moja moja."

"Ingenichukua mwaka. Lakini ndiyo, moja moja."

"Asante."

Aliiweka simu chini kama mtu anayeweka chini panya aliyekufa, akaivuta kompyuta, akaanza kujaza fomu ya ukaguzi ambayo mkaguzi wake alikuwa ni yeye mwenyewe.

"Usiseme kitu," aliniambia.

"Sijasema, Bi Zdravka."

"Uso wako unasema. Rudi kwenye pilipili."

Nikarudi kwenye pilipili.

Glas iliingia katika toleo la Oktoba. Hujengeka kwa dakika nne, kwa maktaba kumi na moja, bila intaneti. Katika orodha rasmi ya yaliyomo kila faili lina safu mbili: jina lake, na chanzo lilikojengwa. Faili: glas1.dat. Chanzo: glas1.dat.