Kingine Kama Hiki

Niungame mapema, maana utasikia tu: juzi hapa Ifakara nilinunua kitabu nilichokuwa nimekimaliza wiki moja nyuma. Ni cha upelelezi, kilininyima hata hamu ya kula. Nikaenda kwa muuza vitabu sokoni, nikamwambia nataka kingine kama hiki. Akanipa chenye jalada jekundu, nikalipa, nikarudi kujifungia ndani, mahali ninapopapenda kuliko pote duniani. Ukurasa wa thelathini nikashtuka: muuaji namjua! Kitabu ni kilekile, wamekibadilisha shati tu.

Nilicheka peke yangu, halafu kicheko kikakatika. Ombi hilo la kingine kama hiki niliwahi kulitoa zamani.

Nilikuwa darasa la sita, msimu wa kuamia ndege, kuwafukuza wasimalize nafaka shambani. Mpunga wa bibi kule bondeni ulikuwa unajaza maziwa, punje bado laini, na hapo ndipo ndege kwelea wanapoupenda. Mpunga huo ndio uliokuwa chakula chetu cha mwaka mzima. Kazi yangu ilikuwa kukaa juu ya dungu, kile kichanja kirefu cha mlinzi wa shamba, na kuvuta kamba yenye makopo. Sasa mwalimu alikuwa ameniazima kitabu changu cha kwanza cha upelelezi, basi kamba nikaifunga kwenye kidole gumba cha mguu. Mikono inafunua kurasa, mguu unafukuza ndege. Kila palipotisha mguu ulitikisika wenyewe, makopo yakalia, na bibi akanisifia bidii.

Shida ilianza kilipoisha. Nikajaribu vitabu vya kabati la shule: ufugaji wa kuku, usafi wa choo. Hakuna aliyeuawa. Mwalimu akaniambia jirani yetu wa shamba, mke wa mtu wa reli, ana sanduku zima la vitabu vya namna ile.

Mchana mmoja bibi alikwenda nyumbani kupika. Nikapiga hesabu: jua likiwa kali kwelea hupumzika kwenye matete, hurudi saa kumi. Nikafungua kamba, nikashuka, nikaenda kwa yule jirani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Dunguni umemwacha nani?"

"Bibi yupo," nikadanganya. "Naomba kitabu kama kile cha mwalimu."

"Kama kile kivipi? Chenye polisi au chenye hofu?"

"Chenye hofu."

Akafungua sanduku, harufu ya dawa ya mende ikanipiga puani. Nikaanza kuonja ukurasa wa kwanza wa kila kimoja. Hiki kinaanza na harusi, hapana. Hiki kina mtu anagonga mlango usiku, mwenyewe hafungui, hebu kidogo. Kila nikitaka kuondoka, nafungua kingine.

Mara ukurasa ukaingia kivuli. Juu ya paa kwelea walikuwa wanapita, wengi, mabawa yakivuma kama mvua inayokuja kwenye mabati. Walikuwa wanaelekea kwetu.

Nilikimbia. Matope yakanyonya ndala moja, nikaiacha humo. Nilitega sikio nisikie makopo, kimya, nani angeyavuta? Kisha nikasikia sufuria. Bibi alikuwa amevua kitenge cha kichwani anakipunga, huku anagonga kwa mwiko sufuria aliyoniletea chakula, sauti imemkauka. Upande wote wa mtoni masuke yalikuwa yamesimama wima. Suke lenye punje huinama.

Hakunipiga. Alikata suke moja, akaliminya, yakatoka makapi. Akaniwekea mkononi. "Haya, soma na hili."

Siku hizi bibi hayupo. Pale shambani zimejengwa nyumba za kupangisha, na mtoto ukimwambia dungu anakuuliza ni mnyama gani. Hakuna tena anayenipandisha mahali na kuniambia nilinde, labda kwa sababu nzuri.

Jirani yule yupo, mzee sasa, tunapakana uzio. Jana nikampelekea mkasa wa kitabu chekundu, nikitegemea kicheko. Alikuwa anapepeta mchele. Akaweka ungo chini, akanitazama kuanzia miguuni.

"Upande mzima uliliwa na ndege wewe ukichagua vitabu, bibi yako akala mihogo mwaka mzima, na mpaka leo kuchagua hujui?"