Nusu Ukurasa wa Mfuaji Jezi

Jua ndiyo kwanza linachungulia juu ya mabati, na tayari mama huyu ameinama kwenye beseni, povu limempanda hadi viwikoni. Anafikicha taulo, analikamua, analinusa, kisha analirudisha majini.

"Bado lina harufu ya spiriti," anasema. "Kinyozi ananiambia liko safi. Namwambia, wewe nyoa, mambo ya pua niachie mimi."

Uani hapa, nyuma ya saluni ya wanaume, kuna bomba moja, kamba tatu za nguo na dirisha la nondo linalotazama ndani ya saluni. Taulo hamsini hivi hupita mikononi mwake kila siku. Ngozi ya vidole imejikunja kwa maji, na kucha mbili za mkono wa kulia zimekataa kuota vizuri.

Dirisha hilo ndilo lililomletea habari wiki mbili zilizopita. Hadi leo, akifika hapo kwenye masimulizi yake, huacha kufua akashika kiuno.

Siku hiyo alikuwa akianika. Ndani, mashabiki wa timu ya mji walikuwa wamejaa hadi mlangoni wakisomewa kitabu. Nahodha wao wa zamani, aliyestaafu soka, ametoa kitabu cha maisha yake, na kinyozi alinunua nakala moja kwa niaba ya tawi zima la mashabiki. Msomaji ni fundi saa wa mlango wa pili. Ana sauti nzuri na, kwa maneno ya kinyozi, "ndiye pekee asiyeruka kurasa zinazotusema vibaya."

Walikuwa wamefika sura ya mwaka ule. Shabiki wa timu hii akisema "mwaka ule" haulizwi mwaka gani. Ni mwaka timu iliposhuka daraja.

Ili umwelewe mama huyu, lazima kwanza uujue mwiko wa timu yake. Timu ikianza kushinda, jezi hazifuliwi. Zinaanikwa tu zikauke jasho, zinavaliwa tena, na tena, hadi siku itakapofungwa. Kufua, waliamini, ni kuosha bahati. Yeye ndiye aliyekuwa mfuaji wa timu, wakimwita Mama Jezi, na mwiko huo aliuheshimu ingawa ulimchefua.

"Mwenye mali akisema usifue, unakaa," anasema. "Zilinuka, jamani! Ukiisimamisha jezi inasimama yenyewe. Lakini sikuzigusa."

Mwaka ule timu ilikuwa inaburura mkia, kisha ghafla ikashinda mechi tano mfululizo. Ikabaki moja. Hata sare ingetosha kuwabakiza ligi kuu. Asubuhi ya mechi hiyo alichukua kikapu cha jezi stoo, kimefungwa mfuniko wake kama alivyokiacha, akakibeba hadi chumba cha kubadilishia nguo. Akakifungua mbele ya wachezaji na viongozi.

Chumba kizima kikanukia sabuni. Jezi zilikuwa nyeupe pee, na mishono bado ina unyevu.

"Nikasema si mimi. Mwenyekiti akanitazama juu hadi chini, akaniuliza, nani mwingine hapa anafua?"

Timu ilichapwa mabao manne. Jioni ile ile akafukuzwa kazi.

Iliyofuata ni miaka ambayo mashabiki huisimulia kwa sauti ya chini, kama watu walio wodini. Walishuka daraja, wakashuka tena. Basi la timu likawekwa juu ya mawe. Mbuzi wakalishwa uwanjani. Makocha walikuja na kuondoka kabla hata wachezaji hawajawazoea majina. Na kila balaa lilipobisha hodi, aliyeangushiwa jumba bovu ni mtu mmoja. Mama Jezi akageuka Mama Sabuni.

"Watu wazima na akili zao walikuwa wakinunua sabuni, wanakuja kuirusha mlangoni kwangu," anasema. "Unafikiri nilifanyaje? Niliokota nikafulia. Miezi mitatu sikujua bei ya sabuni."

Anacheka hadi anajifuta machozi kwa mgongo wa mkono. Halafu anaendelea kujifuta, na kicheko kimeshaisha.

Sabuni zile, anasema, alizizoea. Asichozoea ni mdogo wake wa kiume.

Huyo ndiye kiongozi wa ushangiliaji, jitu la miraba minne linaloitwa Spika kwa sababu ya sauti yake. Baba yao alifariki mapema, mama akawa mtu wa vibarua, na dada mkubwa ndiye aliyemlea kijana. "Nimembeba mgongoni huyu. Nimemtafunia nyama akiwa hana meno," anasema. Siku ya kipigo kile, Spika alipanda juu ya ukuta wa uwanja akatangazia umati kwamba kuanzia siku hiyo yeye hana dada.

Miaka tisa alitimiza neno lake. Alinyoa humu humu, upande wa pili wa dirisha. Dada akiwa uani alikitambua kicheko chake, alikitambua kikohozi chake, alifua taulo alilofutiwa shingo. Salamu hakuna. Hata walipomzika mama yao, alishika upande wake wa jeneza, akarudi zake bila kumpa dada mkono.

"Siku ile ya mama ndipo niliposema basi, sina tena ndugu," anasema. "Nilijikaza. Lakini we acha tu."

Sasa turudi saluni. Spika alikuwa ndiye aliyekaa kwenye kiti, nusu ya kichwa imeshanyolewa. Fundi saa akasoma nusu ukurasa ambao mwandishi wa makala haya ameusoma mara nyingi akitafuta neno moja la majuto, asilione:

"Jezi zilinuka hadi refa alikaa mbali nasi. Mimi na kipa tukachoka. Jioni ya kuamkia mechi ya mwisho tukazichomoa stoo, tukazifua bafuni hosteli, alfajiri tukazirudisha kikapuni. Kesho yake vurugu! Mama wa watu akabebeshwa lawama, nasi tumeuma midomo tusicheke. Ujana una raha zake!"

Baada ya hapo sura inaendelea na habari za viatu vyake vipya.

"Nilidhani nimesoma vibaya," anasema fundi saa. "Nikarudia. Mashine ya kinyozi ilikuwa inalia hewani, hakuna kichwa chini yake."

Spika aliinuka. Kitambaa cha kunyolea kikiwa bado shingoni, alitoka akashika njia. Watu walimpisha.

"Kichwa upande kiwanja, upande msitu," anasema kinyozi. "Nikamwita, kaka, rudi nimalizie! Hakugeuka. Mtaa mzima ulimwona hivyo hivyo."

Na uani? Mama alikuwa ameketi chini, palipolowa, taulo mapajani. Kinyozi alipotoka kumwangalia alimkuta akirudia maneno mawili tu: nusu ukurasa, nusu ukurasa.

"Uchungu wangu wote ule," anamwambia mwandishi, "kumbe kwa mwenzangu ni kichekesho cha kupumzisha msomaji! Na unajua huyo nahodha hunyoa hapa? Akija mjini hupita uani kabisa. Shikamoo mama, habari za kazi. Namwitikia marahaba, mwanangu. Mungu wangu! Alikuwa akinitazama usoni!"

Mwandishi alimpigia simu nahodha huyo. Sauti yake ilikuwa ya mtu mchangamfu. "Aa, yule mama! Bado yupo?" aliuliza. "Ule ulikuwa utani wa wachezaji tu. Kila timu ina vituko vyake."

Alipoelezwa kuhusu kufukuzwa, sabuni za mlangoni na mdogo mtu, alisema, "Kitabu kimeshachapwa sasa," akaomba mama apelekewe salamu zake.

Salamu hazikupelekwa. Kuna mizigo ambayo mwandishi naye anaweza kukataa kuibeba.

Mtu angedhani saluni sasa ingejaa aibu. Thubutu! Siku ya pili mashabiki walikuwa wakigombana hadi mtaa wa nyuma, na ugomvi wenyewe ulikuwa huu: kumbe nahodha ndiye aliyeosha bahati ya timu. Kumbe ndiye aliyewashusha daraja. Mmoja alitaka picha yake ishushwe ukutani. Mwingine akasema kipa naye asiachwe, maana alisuuza.

Fundi saa alijaribu kuwakumbusha kwamba kurasa chache kabla ya hapo, nahodha ameandika jinsi mwenyekiti alivyouza mabeki wawili wa kati katikati ya msimu, na kwamba usiku wa kuamkia mechi ile nusu ya timu ilikuwa ikiharisha kwa maji ya hosteli.

"Hayo tuliyasoma?" aliuliza kinyozi.

"Tuliyasoma jana. Mlikuwa mnasema niharakishe tufike kwenye jezi."

Walikuwa wamembadilisha mshtakiwa, kosa wameliacha pale pale.

Siku chache baadaye Spika alikuja uani. Alivaa kofia ya sufu iliyovutwa hadi masikioni, na jua lilikuwa kali. Alisimama karibu na bomba kama mtu aliyekuja kuomba kazi.

"Dada," alisema, "kumbe hukufua."

Mama hakuinua uso. "Na kama ningefua?"

Spika akaivuta kofia chini zaidi. Aliondoka. Dada akamaliza taulo alizokuwa nazo, kisha akaenda kulala mapema, akilalamika kichwa kinamgonga.

"Sikutaka anisamehe kwa sababu sikufua," anaeleza. "Nilitaka kujua kama mimi kwake ni zaidi ya jezi kumi na moja na za akiba."

Wiki hii tawi lilimwita rasmi. Timu imepanda daraja moja, ina uongozi mpya, na imeshinda mechi tatu mfululizo. Katibu wa tawi alisimama mbele ya kioo cha saluni, akaomba radhi kwa niaba ya wote, akasema uongozi unamtaka arudi kazini. Pia, kama hatajali, atembezwe kuzunguka uwanja kabla ya mechi ya Jumamosi, ili nuksi itoke.

"Nuksi ipi?" aliuliza mama.

Hakungoja jibu.

"Kuzungushwa sizungushwi, mimi si mwenge. Kazi nitarudi," alisema. "Lakini nitafua kila baada ya mechi. Mkifungwa, nafua. Mkishinda, nafua. Mkishinda kumi mfululizo, nafua, tena kwa maji ya moto. Na nitaanza na hizi za mechi tatu zilizopita."

Ungedhani ametangaza msiba. Watu wazima walishika vichwa. Mmoja alisema "mama, tafadhali" kwa sauti ya kutaka kulia. Katibu akaomba wapewe muda wa kutafakari. Baada ya yote yale, wakaomba muda wa kutafakari!

Ndipo Spika aliposimama. Alivua kofia, na watu wakaona alikuwa amejimalizia kunyoa mwenyewe, vibaya, na makovu juu.

"Dada aliniuliza swali nikakimbia," alisema, polepole. "Aliniuliza, na kama angefua je? Nimelala nalo, nimeamka nalo. Angefua, basi mfuaji amefua nguo chafu. Hakuna zaidi ya hapo. Mimi nimemtupa dada yangu kwa sababu ya nguo chafu. Hata mama nimemzika nikiwa nimenuna." Akakaa. Aliyekaa jirani alimwekea mkono begani.

Katibu hakuomba tena muda. Aliuliza nani anapinga, na mikono ikabaki mapajani.

Leo, baada ya taulo za kinyozi, ni zamu ya jezi. Kikapu kimeletwa na katibu mwenyewe, amekibeba mbali na pua. Mashabiki kama kumi wamejipanga kwenye mlango wa uani. Jezi ya kwanza inapozama majini, mmoja anageuza uso. Spika ndiye anayechota maji, amekunja suruali hadi magotini, anamwaga mengine njiani.

"Taratibu wewe! Hujaacha tu kumwaga vitu?" dada anamfokea.

"Nisamehe, dada."

"Chota mengine."

Mwandishi anamuuliza mama ana matumaini gani sasa. Anafikicha kola ya jezi namba tano kwa muda kabla ya kujibu. Anataka apate mashine ya kufulia siku moja, anasema, mgongo umechoka. Anataka watoto wa mtaani wamwite jina lolote isipokuwa lile la sabuni. Na anataka Jumamosi ipite, aione Jumapili.

"Kwa nini Jumapili?"

"Muulize huyu."

Spika anaweka ndoo chini. "Jumapili nakuja kula kwake," anasema. "Tushinde, tusishinde."

Dada mtu anaitazama ile jezi, anaikamua hadi tone la mwisho, anaitundika kambani.

"Nitapakua sahani mbili," anasema. "Wakifungwa, ndipo nitajua kama nina mdogo wangu."